Kilo Hamsini na Nane

Kadi yake ilikuwa ya samawati, imekunjika pembe, na safu ya uzito ilisomeka vivyo hivyo kutoka juu hadi chini: 58, 58, 58, 58. Mwandiko ni wangu. Kila Jumanne na Ijumaa ya mwaka 1996, akishatolewa sindano na kupumzika kidogo, nilimsaidia kupanda mizani, nikasoma, nikaandika, nikamwambia, "Umefika, Bi Mkubwa." Naye alijibu, "Alhamdulillahi, mwanangu," akashuka polepole, akimtafuta binti yake kwa macho.

Nimestaafu sasa. Mikono yangu imechoma sindano za mashine kwa miaka mingi kuliko ninavyopenda kuhesabu, na nyuso nyingi zimechanganyika. Yake haijachanganyika. Nataka kueleza yaliyozipata kilo zile 58, kwa sababu hazikuwa zile zile, na mimi niliyezipima sikujua.

Kitengo chetu kilikuwa chumba kimoja katika hospitali ya Mombasa: mashine 3, feni 2 za dari, dirisha lililotazama mwembe. Kuoshwa damu wakati ule lilikuwa jambo la wachache. Familia zilichanga, zikauza kiwanja, zikaitisha harambee, na pesa zikiisha mgonjwa hakuonekana tena. Tuliuliza habari zake kwa jirani zake, kisha tukaacha kuuliza. Vitabu vilitaka mara 3 kwa wiki, saa 4 kila mara. Wetu wengi walikuja mara 2. Kwa hiyo kuanzia Ijumaa hadi Jumanne mtu asiyekojoa alibeba mwilini karibu kila alichokunywa, pamoja na maji yaliyojificha ndani ya wali, uji na chungwa. Lita moja ya maji ni kilo moja. Bi Mkubwa alirudi Jumanne na kilo 61, tukazitoa 3, akaondoka na 58.

Kwa nini 58? Kwa sababu ndio uliokuwa uzito wake mkavu. Daktari aliyetufundisha kazi, mtu mzima mwenye sauti ya chini, alitueleza jambo hilo kwa kisa cha Seattle. Mwaka 1960 daktari Belding Scribner alimwekea mgonjwa aitwaye Clyde Shields mirija ya Teflon mkononi, na kwa mara ya kwanza mtu ambaye figo zake zimekufa kabisa akaweza kurudi mashineni wiki baada ya wiki. Aliishi miaka 11 zaidi. Shields alikuwa na presha kali mno. Iliteremka walipomwondolea chumvi na maji. Daktari alikariri hilo mara mbili: chumvi na maji. Kisha akasema, "Uzito mkavu ni pale ambapo mwili hauna maji ya kuzidi na mgonjwa bado anaweza kusimama akaenda zake. Hakuna mizani inayoonyesha. Mnautafuta kwa mikono na kwa maswali, na mnautafuta upya kila mwezi, kwa sababu mwili haukai."

Tuliyaandika maneno hayo daftarini. Uzito wa Bi Mkubwa tuliutafuta alipoanza, Januari, tukaupata, tukauandika kwa wino mwekundu juu ya kadi. Hatukuutafuta tena.

Nikiirudia kadi ile akilini naona kila kitu kilikuwa wazi. Presha yake Januari ilikuwa 140. Katikati ya mwaka 160. Novemba 190. Kila ilipopanda tuliongeza kidonge, hadi akawa anameza aina 4, na kila mara nilipouliza kama tupunguze maji zaidi, nilijijibu mwenyewe kwamba uzito wake haujabadilika. Aliwahi kuniambia analalia mito miwili, baadaye mitatu. Nilidhani ni joto la nyumba za Mji wa Kale.

Halafu kulikuwa na bangili. Alivaa 4 za fedha mkono wa kulia, kwa kuwa wa kushoto ulikuwa na mshipa wa mashine. Siku za kwanza zilikaa kwenye kifundo na kulia kila alipoinua kikombe. Kufika mwisho wa mwaka alikuwa amezisukuma hadi karibu na kiwiko na kuzifunga kwa utepe wa leso zisianguke. Niliuona ule utepe. Nilimwambia unapendeza.

Tulimpima akiwa na buibui, na chini ya buibui hatukutazama. Uso wake ulikuwa umejaa, hasa asubuhi, na watu waliokuja kumjulia hali walisema mashine imemkubali, amenawiri. Mtu mwenye maji mengi hunawiri hivyo. Ngozi humvutika na kung'aa, mikunjo ya uzee hufutika.

Chakula nacho tulimwekea sisi mpaka. Karatasi tuliyowapa wagonjwa ilikuwa ya kukataza tupu: ndizi, madafu, maharagwe, mbaazi, mchicha, muhogo, viazi, maziwa, samaki wa kukaushwa, tende, ukwaju, achari. Nyingi ya hizo zilikatazwa kwa sababu ya haki. Potasiamu ikirundikana husimamisha moyo, na dafu moja kwa mtu asiyekojoa si mzaha. Lakini karatasi haikusema ale nini. Bi Mkubwa alikuwa mtu wa kutii. Alisikia "protini huleta taka kwenye damu", jambo tuliloambiwa kuhusu wagonjwa ambao hawajafika mashineni, nasi tukalibeba hadi kwa waliofika. Kwa hiyo aliacha samaki. Akaacha kuku. Akaacha mayai. Mwaka mzima mwanamke yule, aliyezaliwa pwani, alikula wali mweupe, mkate wa mofa na chai ya rangi, na kila alipokuja mashine ilimtoa gramu kadhaa za asidi amino, zile tofali ambazo mwili hujengea nyama. Tulimwosha taka na tofali pamoja, wala hatukumrudishia kitu.

Nyama ilimwishia kidogo kidogo. Labda nusu kilo kwa mwezi. Na mahali pa kila nusu kilo ya nyama iliyoondoka, maji yalikaa, kwa sababu sisi tuliacha kuvuta kila mizani iliposoma 58. Mizani haijui kutofautisha nyama na maji. Ilisema kweli kila siku, na mimi nikaielewa vibaya kila siku.

Ramadhani ya msimu ule iliangukia Januari 1997, kaskazi imepamba moto, ukuta wa nyumba ukishikwa unawaka. Yeye hakufunga, alikuwa na ruhusa ya ugonjwa, lakini alikaa na wenzake kwenye futari na kiu ilimsumbua. Usiku mmoja wa Jumapili, mwanzoni mwa mwezi uliofuata, binti yake na mkwewe walimleta kwa teksi akiwa ameketi wima, mikono imeshika kiti cha mbele. Hakuweza kulala wala kuegemea. Alikohoa povu lenye rangi ya waridi. Nilikuwa nimeitwa kutoka nyumbani, na nilipomwinamia kumfunga kipimo cha presha alinishika mkono akasema, neno moja kwa kila pumzi, "Mwanangu, niko baharini."

Tuliiandaa mashine kwa haraka ambayo sijawahi kuirudia. Oksijeni, mto nyuma ya mgongo, sindano mbili, na kuvuta maji. Saa ya kwanza nilisikia mapafu yake yakichemka bila hata kutumia kifaa cha kusikilizia. Saa ya tatu akaomba ashushwe mto mmoja. Kulipopambazuka alikuwa amelala, kinywa wazi, anapumua kama mtu. Tulikuwa tumetoa lita 3 na nusu.

Tulipompima ilikuwa 57. Chini ya uzito wake mkavu. Kwa hesabu zetu alipaswa kuwa amekazwa misuli ya miguu, presha imeanguka, kichwa kinamzunguka. Presha ilikuwa 170.

Daktari alikuja saa mbili asubuhi. Hakuuliza kadi. Alimwomba Bi Mkubwa ruhusa, akamwambia binti yake asimame karibu, akatuagiza tumvue buibui na kumfunika kwa leso. Alimlaza nusu, akatazama mshipa wa shingo ukiwa umevimba hadi chini ya sikio. Alibonyeza muundi kwa kidole gumba, akahesabu moja hadi kumi, akaachia, shimo lilibaki. Alibonyeza na mgongoni juu ya makalio, mahali ambapo maji ya mtu anayelala huenda kujificha, na hapo pia shimo likabaki. Kisha akashika mkono wa kulia, juu ya bangili, akaizungusha nyama kwa vidole vyake viwili. Vilikutana.

Alinitazama mimi. Hakusema neno la kunilaumu, na ningependelea aseme.

Katika majuma mawili yaliyofuata tulimwosha mara nyingi kuliko pesa zao zilivyoruhusu. Hospitali ilikubali kungoja. Tulishusha nusu kilo, tukapima presha akiwa amelala na akiwa amesimama, tukasikiliza mapafu, tukashusha nusu nyingine. 56. 54. 53. Vidonge vya presha tulivitoa kimoja kimoja hadi kikabaki kimoja. Picha ya kifua ilionyesha moyo, uliokuwa umetanda zaidi ya nusu ya upana wa kifua, ukirudi nyumbani kwake. Tuliposimama ilikuwa 50 na nusu.

Na hapo ndipo tulipomwona. Maji yalipoondoka, kilichobaki kitandani kilikuwa mwanamke aliyekondeana kama aliyetoka kwenye njaa: mbavu, mashavu yaliyoingia ndani, mapaja unayoweza kuyazungusha kwa kiganja. Binti yake alinivuta kando akalia. "Sista, mmemkausha mama yangu." Sikuwa na jibu rahisi. Hatukuwa tumemkausha wiki ile. Alikauka mwaka mzima mbele ya macho yetu, na maji yakamfunika kama buibui la pili.

Nilimwambia ukweli huo, palepale koridoni, na nikamwomba radhi. Alinyamaza sana. Kisha akauliza, "Sasa ale nini?"

Albumini ya Bi Mkubwa, yaani protini kuu ya damu, ilikuwa gramu 27 kwa lita. Mwaka 1990 watafiti Lowrie na Lew wa Marekani walikuwa wamechapisha hesabu za wagonjwa zaidi ya 12,000 wa mashine, na kilichotabiri kifo kuliko vipimo vingine vya damu kilikuwa hicho: albumini iliyo chini ya 40 ilikuwa dalili mbaya, na kadiri ilivyoshuka ndivyo hatari ilivyopanda. Siku hizi tunajua haishuki kwa njaa peke yake. Ugonjwa unaofukuta ndani huishusha, na maji mengi huizimua ikaonekana kidogo kuliko ilivyo, kama chumvi kwenye mchuzi uliozidishwa maji. Kwa hiyo hata kipimo cha lishe hakisomeki mpaka kwanza ujue habari ya maji. Hili lilinichukua miaka kulielewa vizuri.

Tulikaa, mimi na yule binti, tukaandika karatasi nyingine. Mgonjwa wa mashine alihitaji kiasi cha gramu 1.2 za protini kwa kila kilo. Kwa Bi Mkubwa ni kama 60 kwa siku. Mayai 2 asubuhi, hapo zimepatikana 12. Kipande cha changu au kolekole mchana, cha kujaza kiganja, 20 au zaidi. Kuku au nyama usiku kiasi hicho hicho. Zilizobaki zingetoka kwenye wali na mkate. Mchicha alirudishiwa, uchemshwe na maji yake yamwagwe. Viazi vikatwe vidogo, vichemshwe kwa maji mengi, maji yamwagwe, ndipo vipikwe. Chumvi ndiyo tuliyoipigania kuliko yote, kwa kuwa gramu 8 tu za chumvi hushika lita nzima ya maji mwilini, na ukimkataza mtu maji huku unamlisha ng'onda unamtesa bure. Binti alibadilisha jikoni lote: ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili mbichi, bizari. Maji alimpimia kwa vikombe vya kahawa, vile vidogo visivyo na mkono, ili mama apate kunywa mara nyingi.

Mkono nao tuliupima kila mwezi, wa kulia, katikati ya bega na kiwiko, baada ya mashine. Nilitumia futi ya fundi cherehani. Bi Mkubwa hakusoma nambari na hakutaka kusomewa. Alisema apewe kitu cha kuona. Binti akatoa uzi wa kufumia kofia, akauzungusha palepale nilipopima, akaukata ulipokutana. "Huu ni wa Machi," akasema, akaufunga kwenye kijiti. Mwezi uliofuata akakata mwingine, akaufunga kando yake.

Katika miezi ile tulimpokea mwalimu mmoja mstaafu wa Kilifi, aliyetufundisha upande wa pili wa kosa lile lile. Alikuwa ametibiwa kifua kikuu, hamu ya kula ikamrudia kwa kishindo, mkewe akamlisha. Nyama ikarudi. Nasi, tukiwa na woga wa maji baada ya yaliyompata Bi Mkubwa, tukakazania uzito wake wa zamani. Saa ya tatu ya kila mashine misuli ya mashavu ya miguu ilimkaza akauma shuka, presha ikaanguka hadi 80, tukamwinua miguu na kumrudishia maji ya dripu. Siku moja aliniambia kwa upole wa walimu, "Sista, mnaninywa." Tulipandisha uzito wake kilo 3 na ukaisha mkakamao. Nyama yake mpya tulikuwa tumeifukuza tukidhani ni maji.

Miaka ilipita. Mashine zilienea, kuanzia 2015 hospitali za kaunti zilianza kupata zao, na bima ya taifa ikaanza kulipia mara 2 kwa wiki, nikaona watu ambao zamani wangerudi kufia nyumbani wakikaa foleni na thamosi zao. Nikiwa karibu kustaafu nilioneshwa kifaa ambacho ningekililia mwaka 1996. Mgonjwa analala chali, anabandikwa vipande vinne vya kunata, viwili mkononi na viwili mguuni, na mkondo wa umeme dhaifu asiousikia unapita mwilini. Umeme wa mawimbi ya chini hupita nje ya seli, kwenye maji yanayozizunguka. Wa mawimbi ya juu hupenya hadi ndani. Kwa kulinganisha njia hizo mbili kifaa hukisia maji yaliyo nje na yaliyo ndani, kisha kinaandika nyama kiasi gani, mafuta kiasi gani, maji ya ziada lita ngapi. Wengine sasa huweka kifaa cha ultrasaundi juu ya kifua na kuhesabu mistari inayoning'inia kwenye mapafu yenye maji, kabla hata mgonjwa hajakohoa.

Nilimwomba kijana aliyekileta anipime mimi. Nikalala, nikatazama dari. Dakika chache tu na karatasi ikatoka na nyama yangu na maji yangu vimetenganishwa kwenye mistari miwili. Vijana walinishangaa kwa nini nimekaa kitandani muda mrefu.

Ni kifaa kizuri na ningetaka kila kitengo kiwe nacho. Lakini niliwaambia pia wamvue mgonjwa nguo nzito, wabonyeze muundi, waulize mito mingapi, waulize jana alikula nini, chakula gani hasa, na nani alikipika. Waulize kama pete inalegea. Mwenye mguu uliokatwa kifaa kile humsoma kwa taabu, na siku kikiishiwa na umeme hakisomi kabisa.

Bi Mkubwa alifariki Aprili 1999, nyumbani, kwa kiharusi, kabla ya alfajiri. Uzito wake mkavu wa mwisho tuliouandika ulikuwa 54 na nusu, na ulikuwa umebadilishwa kwenye kadi mara 11, kila mara kwa penseli. Wino mwekundu tulikuwa tumeuacha.

Baada ya arobaini binti yake alikuja hospitali na bahasha. Ndani mlikuwa na kile kijiti. "Mama alisema ni chako," alisema. Kuna nyuzi 26, zimening'inia kwa mpangilio, kuanzia Machi 1997. Huwa nazitandaza juu ya meza mara moja moja, nikizinyoosha kwa kidole. Za mwanzo ni fupi kiasi cha kutia huruma. Ya tano na ya sita zinaanza kurefuka. Kuna mwezi mmoja mwaka 1998, wakati alipougua malaria, uzi umerudi nyuma upana wa ukucha, kisha mwezi uliofuata ukafidia. Uzi wa 25 ni mrefu kuliko zote zilizoutangulia. Wa 26 nimeuweka kando yake mara nyingi, na ncha zao zinalingana.